Kumpima Bwana Waya

Kwa miaka thelathini na moja Mama Lenzi alikuwa akiwauliza watu swali lile lile: "Unaona vizuri kwa hii, au kwa hii?" Mteja anakaa kitini, anavishwa ile fremu nzito ya kupimia, lenzi moja inachomolewa na nyingine inachomekwa, naye Mama Lenzi anangoja jibu bila papara. Wapo waliosema wanaona ili kumfurahisha. Wapo waliosema hawaoni kwa sababu walikwishaipenda fremu fulani pale kabatini. Na wapo waliokariri herufi za ubaoni wakiwa bado kwenye foleni, wakazitaja moja baada ya nyingine bila kukosea, macho yenyewe yakiwa hayatofautishi paka na mto wa kulalia. Kwa hao alikuwa na ubao wa pili, nyuma ya pazia, ambao hakuna aliyewahi kuuona kabla ya kukaa kitini.

Jumamosi alifunga duka saa saba mchana, akapanda ngazi za maktaba hadi chumba cha juu, kwenye kilabu cha Go. Mchezo wenyewe ukiuangalia kwa mbali unaweza kudhani watu wanachagua maharage. Ubao una mistari kumi na tisa ya kwenda na kumi na tisa ya kushuka. Mmoja ana vijiwe vyeusi, mwenzake vyeupe, na kila mtu kwa zamu yake anaweka kimoja pale mistari inapokutana. Kijiwe kikishawekwa hakisogei tena. Kinachogombewa ni uwanja, na kila makutano uliyoyazingira ni pointi moja. Vijiwe vikizingirwa pande zote vikakosa pa kupumulia, vinatolewa kama mateka. Kundi likitaka kusalimika ni lazima libakize ndani yake vitundu viwili vilivyo wazi, na wachezaji huviita macho. Macho mawili ni uhai, jicho moja ni kifo.

"Ndiyo maana hatumuwezi," Kinyozi alipenda kusema. "Sisi tunatafuta macho, yeye anayauza."

Kinyozi alikuwa na duka la kunyoa mtaa wa pili kutoka dukani kwa Mama Lenzi, na kwa uchezaji alikuwa wa tatu kutoka mkiani. Mama Lenzi alikuwa wa kwanza, na alikuwa wa kwanza kwa miaka ishirini. Hakuwa bingwa wa dunia wala hakujidai kuwa hivyo, lakini pale chumbani kila aliyecheza naye alitanguliziwa vijiwe, maana katika Go anayezidiwa huruhusiwa kupanga vijiwe kadhaa ubaoni kabla mchezo haujaanza. Idadi ya vijiwe ndiyo kipimo. Anayehitaji viwili yuko karibu nawe, anayehitaji tisa bado yuko mbali. Kinyozi alihitaji saba, na kila mwaka alisema ni sita.

Mama Lenzi alikuwa na binti mmoja, na binti huyo aliolewa na mwalimu wa chuo cha kompyuta, kijana mrefu mwenye adabu iliyopitiliza. Mkwe huyu akimwona mama mkwe anaingia, husimama. Akiketishwa, huketi ukingoni mwa kiti kama anayengoja kuitwa. Jumapili moja alikuja peke yake, akanywa chai, akauliza habari za duka, akanywa chai ya pili, akauliza habari za duka tena. Mama Lenzi akajua kuna jambo.

"Sema, mwanangu. Chai itakwisha."

"Mama, nina ombi. Na usiponikubalia sitaona vibaya."

Ombi lenyewe lilikuwa hili. Yeye na wenzake chuoni walikuwa wanatengeneza programu ya kucheza Go. Haikufundishwa mbinu, ilipewa sheria tu, ikaachwa icheze yenyewe kwa yenyewe maelfu kwa maelfu ya michezo, ijifunze humo humo. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia imefika wapi.

"Kwani nyinyi hamna vipimo?"

"Tunavyo, Mama. Kila toleo jipya tunalipambanisha na lililotangulia. Jipya likishinda michezo tisini kwa mia, tunasema tumepanda."

Mama Lenzi alitikisa kichwa. "Huko ni kumpima mtoto kwa kivuli chake. Kila siku atakuwa amekua."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alifikiri kidogo, kisha akakubali kwa sharti moja. "Nitasema ninachokiona. Siku nikisema usilolipenda, usije ukanikumbusha kwamba mimi ni mkweo."

"Nimekubali, Mama," alisema Mkwe, na alikubali upesi, kama mtu anavyokubali jambo ambalo bado halijamuuma.

Wakaanza. Kompyuta ililetwa chumba cha juu cha maktaba, ikawekwa pembeni ya ubao, na Mkwe mwenyewe akawa mkono wake: alisoma kwenye skrini programu imetaka wapi, akaweka kijiwe hapo. Siku ya kwanza Mama Lenzi aliitangulizia vijiwe tisa akaishinda kabla chai haijapoa. Akaitangulizia kumi na tano, akaishinda tena. Ilicheza kama mtu anayepanga viti ukumbini, kwa unadhifu mkubwa, bila kujua ni nani anayekuja. Kinyozi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, ndiye aliyeipa jina. "Huyu Bwana Waya mpole sana," alisema. "Anaibiwa huku anaomba radhi."

Mama Lenzi alianzisha daftari. Kwa kila toleo aliandika tarehe, idadi ya vijiwe, matokeo, na sentensi mbili tatu, hazizidi hapo. *Toleo la tatu: vijiwe kumi na tano. Linapenda pembe. Haliogopi kitu, hata kinachopaswa kuogopwa.* *Toleo la tisa: vijiwe tisa. Sasa linaogopa kila kitu.* *Toleo la kumi na tatu: vijiwe sita. Leo limetoa sadaka vijiwe vinne ili lipate upande mzima. Sikulitegemea.* Siku hiyo ya toleo la kumi na tatu aliinua macho akamwona Mkwe anatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, alikuwa ameegemea kiti kwa mgongo wote.

Vijiwe vikapungua. Vinne, viwili, kimoja. Mwaka wa pili ulipoanza, toleo la ishirini na mbili lilikaa mezani bila kutanguliziwa chochote, sare kwa sare, likamshinda Mama Lenzi kwa pointi kumi na moja. Alihesabu mwenyewe mara mbili. Kisha akainamisha kichwa kama ilivyo desturi ya wachezaji, akarudisha vijiwe vyake kwenye bakuli, vyeusi kwa vyeusi, mpaka cha mwisho.

"Leo umechoka," Kinyozi alimwambia.

"Sijachoka. Nimeshindwa."

Wiki zilizofuata ilimshinda kila aliyeketi nayo: mwalimu wa hesabu, tarishi wa posta, hata bwana mmoja mgeni aliyewahi kucheza mashindano ya nchi tatu. Michezo thelathini na tisa, ushindi thelathini na tisa. Habari zikafika kwa Profesa, mkuu wa idara ya Mkwe. Huyu alikuwa mtu wa kupanga mambo, akapanga: Ijumaa baada ya wiki mbili kutakuwa na hafla chuoni, wageni wataalikwa, itatangazwa kwamba programu yao imefikia ubingwa. Mkwe ndiye atakayekabidhiwa maabara mpya kuiongoza. Kilichobaki ni karatasi moja tu, barua ya mpimaji.

Mama Lenzi angeiandika wiki hiyo hiyo, kama si Kinyozi.

"Na mimi sijacheza naye tangu awe mkubwa," alilalamika Jumamosi iliyofuata. "Nilimlea, leo mnaninyima hata salamu?"

Wakamwachia nafasi, watu wakicheka. Kinyozi akaanza kucheza kama kawaida yake, huku akisimulia kisa cha mteja aliyetaka anyolewe upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili mkewe ameshauzoea ulivyo. Bwana Waya akamvamia, akamtengea kikundi kidogo katikati ya ubao, akakizungushia mnyororo mrefu wa vijiwe vyeupe mpaka mnyororo ukajifunga ukawa pete. Mtu mwingine hapo angekimbizana kukiokoa kikundi. Kinyozi hakuwa na habari. Alianza kuweka vijiwe vyake nje ya ile pete, kimoja kimoja, akiizunguka taratibu kama mtu anayepaka rangi ukingo wa sahani. Pete yenyewe haikuwa na macho mawili. Mtoto wa mwezi mmoja kilabuni angeona hatari. Bwana Waya hakushughulika; aliendelea kupamba pembe zake, mpaka Kinyozi alipoweka kijiwe cha mwisho, akanyamaza katikati ya kisa, akainama kuangalia, akasema polepole, "Jamani. Hawa wote si wamekufa?"

Walikuwa wamekufa. Vijiwe thelathini na nne viliondolewa ubaoni. Chumba kililipuka kwa kicheko, na tarishi wa posta akampa Kinyozi mkono kama anayempongeza bwana harusi.

"Bahati ya mtende," alisema mwalimu wa hesabu.

"Mchezo mmoja kati ya arobaini, Mama," Mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Ni ajali."

"Basi arudie."

Kinyozi akarudia, akashindwa vibaya. Akarudia tena, akashindwa vibaya zaidi, maana yeye mwenyewe hakujua alifanya nini. Mkwe akashusha pumzi. Watu wakaenda zao. Mama Lenzi alibaki nyuma akinakili mchezo ule wote kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kabla kompyuta haijafungwa.

Jumapili aliupanga upya kwenye meza yake ya kulia, akaupangua, akaupanga. Mchana ulipita akiwa hapo hapo. Alitafuta mahali Bwana Waya alipokosea, na jambo lililomshangaza ni kwamba hakukosea mahali popote. Alicheza kila mahali vizuri isipokuwa kwenye ile pete, na pale hakucheza vibaya, hakucheza kabisa. Mtu anayeona hatari akashindwa kuizuia hupapatika, hujaribu hili na lile. Huyu alikuwa ametulia mpaka dakika ya mwisho, kama mtu aliyelipa mgongo gari linalorudi nyuma.

Jumanne alifunga duka saa ya chakula cha mchana, akaenda chuoni. Ofisi ya Mkwe ilikuwa ndogo, ina dirisha moja, meza mbili, na feni iliyokuwa ikinguruma chini ya mashine. Hakusema kilichomleta. Aliomba acheze tu. Aliacha kikundi chake kidogo kizingirwe katikati, akaizunguka pete kwa nje, akashinda. Akacheza tena, akashinda. Mara ya tatu aliitangulizia mashine vijiwe viwili, yeye aliyekuwa haiwezi hata ikiwa sare, akashinda tena. Hakufurahi. Vijiwe vilivyokufa vilijaa kifuniko cha bakuli, naye akaviangalia kama mtu aliyefungua kabati la jirani kwa bahati mbaya.

"Inanishinda, na hilo ni kweli," alisema. "Na haioni pete, na hilo pia ni kweli."

Mkwe alikuwa amesimama kando ya dirisha. "Lakini Mama, hakuna mtu anayecheza hivyo."

"Kinyozi anacheza hivyo."

Akataka kucheka, ikashindikana. "Hafla ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wageni wameshaalikwa. Ukiandika kwamba imekushinda wewe na kilabu kizima, si uongo."

"Si uongo. Ndiyo maana ni mbaya. Uongo ungekamatwa."

Mkwe alimsindikiza. Lakini aliposema "Karibu tena, Mama," alifungua mlango mapema kidogo kuliko alivyozoea.

Kesho yake asubuhi bintiye alikuja dukani kabla ya wateja, akajifanya anachagua fremu. Alijaribu ya kwanza, akajaribu ya pili. Mama mtu alikuwa anakaza skrubu ya miwani ya mtu kwa bisibisi ndogo kama sindano.

"Mama, yule mtu hali chakula chake. Anakaa mezani anasukuma sahani."

"Najua."

"Miaka miwili ya kazi. Ukweli mwingine si unaweza kungoja wiki mbili? Wakimaliza hafla, watarekebisha. Nani ataumia? Ni mchezo wa vijiwe."

Mama Lenzi aliweka bisibisi chini. Bintiye alijua habari za ubao wa pili, lakini hakujua ulitoka wapi, maana hakuwahi kusimuliwa. Akamsimulia. Mwaka wake wa pili kazini alikuja dereva wa lori, baba wa watoto watano, mtu mwema, alitaka karatasi ya kusema macho yake ni mazima. Alisoma herufi zote. Alizisoma upesi mno, na Mama Lenzi alipomgeuza uso kuelekea dirishani aliona namna anavyokunja kope. Akajua amekariri. Akamhurumia, akatia sahihi, kwa sababu ni kweli alizisoma herufi, na karatasi iliuliza hivyo tu. Miezi mitatu baadaye lori liliingia ukuta wa shule. Ilikuwa siku ya mapumziko, darasa lilikuwa tupu.

"Lilikuwa tupu," alirudia. "Mimi sikulifanya liwe tupu."

Bintiye alivua fremu aliyokuwa amevaa, akairudisha mahali pake. Akamsaidia mama yake kufungua pazia la mlango, akaenda kazini.

Barua ilikuwa fupi. *Programu hii inanishinda mimi na kila mchezaji mzuri niliyempata kuipima. Vilevile haioni kundi lake linapozingirwa likiwa limejifunga kama pete. Mchezaji wa kawaida anaweza kukigundua kilema hicho kwa bahati, na yeyote anaweza kufundishwa kukitumia kwa saa moja. Siwezi kuandika la kwanza bila la pili.* Aliipeleka mwenyewe kwa Profesa, akaketi wakati anasoma.

Profesa aliisoma mara mbili. Alivua miwani, na ilikuwa miwani iliyotengenezwa na huyo huyo aliyekaa mbele yake.

"Karatasi hii itatuchelewesha, Mama."

"Itawachelewesha."

"Saa moja, umesema. Yeyote?"

"Wewe unacheza?"

"Najua sheria tu."

Wakaenda wote kwenye ofisi ya Mkwe. Mama Lenzi alivuta kiti nyuma ya Profesa, akamwelekeza: hapa, sasa pale, mwache akuzingire, usijali, tulia. Mkwe alikaa upande wa mashine akiweka vijiwe vyeupe bila kuinua uso. Katika dakika hamsini Profesa, ambaye hakuwahi kumshinda hata mwanawe, alimshinda Bwana Waya. Alivihesabu vijiwe vyeupe vilivyotolewa, kimoja kimoja.

"Basi," alisema mwisho, "tusiite wageni kwanza."

Hafla ikaahirishwa, na kuahirishwa kwa jambo la namna hiyo kila mtu anajua ni kitu gani. Maabara mpya ikabaki imefungwa.

Wiki tano Mkwe hakuonekana Jumapili. Alituma salamu kupitia kwa mkewe, salamu kamili, na pole za mguu wa Mama uliokuwa ukimsumbua. Adabu yake ilikuwa pale pale. Kilichoondoka ni joto. Mama Lenzi alizipokea salamu akazirudisha. Jumamosi alienda kilabuni, akacheza na tarishi, akacheza na mwalimu. Pale pembeni ilipokuwa inakaa kompyuta palikuwa na meza tupu, na watu wakaanza kuweka makoti yao juu yake. Kinyozi alikuwa ameshikwa na haya ya ajabu. "Kama ningejua," alimwambia, "ningeshindwa kama wenzangu."

"Usiseme hivyo. Wewe ndiye peke yako uliyempima."

"Mimi nilikuwa nasimulia kisa tu."

Wiki ya sita, asubuhi, wateja wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi, mlango wa duka ulifunguliwa na Mkwe akaingia. Hakujitambulisha kama mtu wa nyumbani. Alikaa mwisho wa benchi akangoja zamu yake, bibi mmoja akapimwa, bwana mmoja akachukua miwani yake, kisha yeye akainuka akaketi kwenye kiti cha kupimiwa. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Macho yanasumbua?"

"Ndiyo," alisema. "Nionyeshe ulipoona mara ya kwanza."

Mama Lenzi aligeuza kibao cha mlangoni, duka likafungwa. Wakasogeza sanduku la lenzi, wakapanga ubao juu ya meza ya kioo katikati ya fremu. Alimwonyesha mchezo wa Kinyozi kuanzia mwanzo, na Mkwe akauliza maswali ambayo siku zile ofisini hakuuliza. Walipofika kwenye pete, akaisimamisha hapo.

"Nimekaa na jambo hili wiki tano," alisema. "Wiki mbili za kwanza nilikuwa nimekukasirikia. Nisamehe."

"Nilijua. Endelea."

"Imejifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Babu yake hakuwahi kufunga pete, baba yake hakuwahi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa pete. Ukoo mzima haujaiona. Na kila tulipompima kwa ndugu zake, ndugu zake nao hawaijui. Tungeweza kuendelea hivyo miaka kumi, kila toleo linashinda lililopita tisini kwa mia."

"Na sasa?"

Mkwe alikuna shingo. "Sasa nataka nikamwombe Kinyozi awe mwalimu. Sijui nitamwambiaje."

"Mwambie hivyo hivyo. Ila ujiandae, hatanyamaza."

Hakunyamaza. Kila Jumatano mchana Kinyozi alitundika kibao cha "Nimetoka Kidogo" na kwenda chuoni kumchezea Bwana Waya upuuzi wa kila aina: pete, pete mbili, vijiwe vilivyotupwa ovyo kama mbegu, michezo ya kuiga kila anachofanya mwenzake. Yakipatikana makosa, yanaingizwa kwenye mafunzo. Wateja wake walisikia habari zote. "Leo nina kipindi," aliwaambia huku mashine ya kunyolea ikiwa mkononi. "Ukitaka usinyolewe na mhadhiri, nenda kwingine."

Kazi ikachukua miezi minane. Pete ilipozibwa, Mama Lenzi alipata ufa mwingine mdogo, kwenye kuhesabu nani atawahi kumaliza pumzi za mwenzake makundi mawili yakikabana. Wakauziba. Akatafuta mwingine wiki saba, hakupata. Kinyozi naye akafikia mahali pa kucheza amefumba macho na kuuliza ameweka wapi, na bado hakupata.

Toleo la thelathini na sita lililetwa maktaba Jumamosi moja ya mvua. Mama Lenzi alicheza nalo sare akashindwa. Alijaribu kila alichokijua, na kila alipoweka mtego aliona umeonekana hatua nyingi nyuma. Akainuka, akanyoosha mguu, akarudi, akafanya jambo ambalo pale chumbani hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alichukua vijiwe viwili vyeusi akavipanga ubaoni kabla ya mchezo kuanza, vijiwe vyake mwenyewe. Tarishi wa posta aligeuka akaangalia nje. Hata kwa viwili hivyo akashindwa. Jumamosi iliyofuata akachukua vitatu, akashindwa kwa pointi chache.

Usiku ule alipoulizwa na bintiye kwa simu anajisikiaje, alisema anafikiri juu ya siku aliyotimiza miaka arobaini na mitatu, alipoona kwamba lebo za dukani kwake zimeanza kumkimbia, akachukua fremu kabatini akajipima mwenyewe. Hakulia. Alichagua fremu nzuri.

Barua ya pili kwa Profesa ilikuwa hata fupi kuliko ya kwanza. *Sijapata ilipo kipofu, na nimetafuta. Inanizidi vijiwe vitatu au zaidi. Zaidi ya hapo sijui, na anayesema anajua aulizwe amejuaje. Kipimo changu kimefika mwisho, yenyewe inaendelea. Msiipime kwa ndugu zake peke yao. Tafuteni programu iliyolelewa nyumba nyingine, na msimwache Kinyozi.*

Mkwe aliisoma akiwa amesimama pale pale dukani. "Mama, ina maana unatuacha?"

"Siwaachi. Nawaambia nisichokiona. Si ndiyo kazi mliyonipa?"

Aliikunja barua vizuri, akaitia mfukoni mwa shati. Hafla ikafanyika mwezi uliofuata, ndogo, bila tarumbeta. Profesa alizisoma barua zote mbili kwa sauti, ya kwanza na ya pili, na wageni wakauliza zaidi juu ya ya kwanza. Maabara ikafunguliwa. Kinyozi alivaa tai.

Siku hizi Jumapili asubuhi Mkwe huja na mkewe, na kompyuta ndogo yenye Bwana Waya ndani huwekwa kwenye meza ya kulia. Mama Lenzi hutanguliziwa vijiwe vinne. Jumapili moja bintiye alipita na sahani, akasimama nyuma ya kiti.

"Umefungwa tena, Mama?"

"Kwa pointi tisa. Wiki iliyopita zilikuwa kumi na nne."

Mkwe alikuwa ameegemea kiti, kikombe mkononi, akiupitia mchezo nyuma hatua kwa hatua. Akasimama mahali fulani upande wa kushoto. "Hapa, Mama, ungemkata, umtenganishe vijiwe vyake."

"Ningemkata ningekufa."

"Ungekufa kidogo tu," alisema Mkwe, "upate upande mzima."

Mama Lenzi alisogeza miwani puani, akaangalia pale alipoonyeshwa. Aliangalia kwa muda mrefu, chai ikapoa, mpaka akaona.